Kusolvu ikwesheni za difarensho zenye matriksi, zile zisizo linia: hatua kwa hatua kwa anayeanza

"Kaka shikamoo, samahani kwa usumbufu, nimepewa ikwesheni X yake ni matriksi afu ndani kuna X mara X, naanzaje?"

Meseji ya namna hii naipata kila muhula. Wengine wako hapa hapa Mtwara mjini, tunakaa Shangani jioni na laptop moja tunaimaliza, wengine wako Lindi, Masasi, Nachingwea, hao inabidi nirekodi voisi ndefu na nikimaliza bado naulizwa "sasa hapo kwenye reshape ulisemaje?" Kwa hiyo nimeamua niandike yote mara moja. Ukikwama popote rudi juu usome tena taratibu, maana maswali karibu yote ninayoulizwa majibu yake ni yale yale.

Tunachozungumzia ni ikwesheni kama hii:

dX/dt = AX + XAᵀ − XSX + Q

X ni matriksi unayoitafuta, sio namba moja, A, S na Q ni matriksi ulizopewa, na kile kipande cha XSX ndo kinachoifanya isiwe linia kwa sababu X imejizidisha yenyewe. Hii inaitwa Riccati, kwa jina la Mwitaliano Jacopo Riccati aliyeishi 1676 hadi 1754. Yeye alishughulika na ile ya namba za kawaida, hii ya matriksi ilipata umaarufu baadaye kwenye mambo ya kuongoza mitambo na kufuatilia vyombo, hasa baada ya kazi ya Kalman na Bucy ya 1961. Nadharia inatosha hapo, twende kazini.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

Python (lugha ya kuandikia programu) yenye NumPy na SciPy, maktaba zake za hesabu. Kama huna laptop, Google Colab inafanya kazi kwenye simu ila inakula bando, na kuna wanaotumia Pydroid 3 kwenye Android wanaweka NumPy na SciPy mara moja basi wanaendelea bila intaneti. Uwe unajua kuzidisha matriksi kwa mkono, angalau za 2 kwa 2, na uwe unajua invasi na aigenivalyu ni nini. Na uwe na kalamu na karatasi. Usije na Python peke yake, karatasi ndo itakayokuonyesha kompyuta inakudanganya wapi.

Na jambo moja la kichwani ambalo nalirudia mpaka watu wananichoka: kwenye matriksi mpangilio wa kuzidisha ni sheria. AX sio XA. Sisi huku kwenye korosho tunalijua hili tangu wadogo, korosho unaichoma kwanza ndo unaibangua. Ukigeuza ukaibangua mbichi, yale mafuta ya kwenye ganda yanakubabua vidole, kazi ni zile zile mbili ila mpangilio umebadilika na matokeo yamebadilika. Sasa mtu akiona XSX kwenye karatasi anaiandika S mara X mraba kwa sababu kwenye namba za kawaida ni kitu kimoja. Hapa sio kitu kimoja, iache kama ilivyo.

Hatua ya 1: Andika ikwesheni yako karatasini na ukague saizi

Kabla ya kodi, yani maelekezo unayoiandikia kompyuta. Andika kila herufi na saizi yake pembeni. X ni 2 kwa 2? A ni ngapi kwa ngapi? Q je? Kila kipande kinachojumlishwa lazima kitoke na saizi ile ile ya X. Kama kipande kimoja kinatoka 2 kwa 3 na kingine 2 kwa 2, ikwesheni umeinakili vibaya na hakuna solva (programu ya kusolvu) duniani itakayokusaidia. Nusu ya wanaonitafuta shida yao inaishia hapa, alikosa alama ya transposi tu, ile ᵀ inayogeuza safumlalo kuwa safuwima.

Hatua ya 2: Anza na mfano ambao jibu lake unalijua

Usianze na swali ulilopewa. Najua una haraka, ila anza na huu:

dX/dt = −X², na X ya kuanzia (X₀) ni [[2, 1], [1, 2]]

Huu unasolvika kwa mkono. Chukua Y iwe invasi ya X. Derivativu ya invasi ni Y′ = −X⁻¹ X′ X⁻¹, ukiweka −X² mahali pa X′ vinafutana vyote inabaki Y′ = I, yani matriksi yenye 1 kwenye ulalo na 0 kwingine. Kwa hiyo Y inakua kwa mstari ulionyooka kabisa, Y = X₀⁻¹ + tI, na X ni invasi ya hiyo.

Weka t = 1. Invasi ya X₀ ni [[2/3, −1/3], [−1/3, 2/3]], ongeza I unapata [[5/3, −1/3], [−1/3, 5/3]], dita (determinanti) yake ni 24/9, geuza tena unapata:

[[0.625, 0.125], [0.125, 0.625]]

Kaa na hili jibu, liandike juu ya ukurasa kabisa. Ndo mzani wetu, kodi yako isipotoa hizi namba hairuhusiwi kugusa swali lingine lolote.

Hatua ya 3: Piga hatua moja kwa kalamu

Wengi wanairuka hii na ndo maana hawaelewi solva inafanya nini. Chukua X₀, izidishe yenyewe kimatriksi: [[5, 4], [4, 5]]. Kwa hiyo mwendo wa mwanzo ni hasi ya hiyo. Sasa tembea hatua ndogo ya 0.1: kutoka 2 unatoa 0.5, kutoka 1 unatoa 0.4, unapata [[1.5, 0.6], [0.6, 1.5]].

Jibu la kweli la t = 0.1 ni karibu [[1.608, 0.699], [0.699, 1.608]]. Unaona tumekosea kwa kiasi cha 0.1 kwa hatua moja tu. Hiyo ndo njia ya Euler, inatembea ikiwa imeangalia mbele mara moja tu halafu inafumba macho. Njia za Runge na Kutta (1895 na 1901) zinachungulia mara kadhaa ndani ya hatua moja kabla ya kukanyaga, na ile tutakayotumia, RK45, ni ya Dormand na Prince ya 1980, inapima yenyewe kosa lake na kubadilisha ukubwa wa hatua njiani. Wazo lakini ni lile lile ulilofanya kwa kalamu sasa hivi.

Hatua ya 4: Jifunze kukunja na kutandika mkeka

Hapa ndo penye mzizi wa maswali yote. Solva ya SciPy inayoitwa solve_ivp haipokei matriksi. Inapokea vekta, yani namba zilizopangwa kwenye mstari mmoja. Ukiipa matriksi inagoma pale pale na kukwambia y0 iwe ya upande mmoja.

Fikiria mkeka. Ukiwa unasafiri nao kwenye basi unaukunja, huwezi kuingia nao umetandikwa. Ukifika unautandika, unakaa, unafanya shughuli zako, ukitaka kuondoka unaukunja tena. Matriksi ndo hivyo hivyo: nje ya fankshoni yako inasafiri imekunjwa, ndani ya fankshoni unaitandika, unafanya hesabu, unaikunja, unairudisha.

Kukunja ni `ravel()`. Kutandika ni `reshape(n, n)`. Basi.

```python
import numpy as np
from scipy.integrate import solve_ivp

n = 2
X0 = np.array([[2.0, 1.0],
               [1.0, 2.0]])

def f(t, y):
    X = y.reshape(n, n)     # tandika
    dX = -X @ X             # hesabu yenyewe
    return dX.ravel()       # kunja

sol = solve_ivp(f, (0, 1), X0.ravel(), rtol=1e-8, atol=1e-10)

print(sol.success)
print(sol.y[:, -1].reshape(n, n))
```

rtol na atol ni kiasi cha kosa unachoiruhusu solva. Endesha. Itoke True, na itoke 0.625 na 0.125. Ikitoka hivyo nakupa mkono, kazi kubwa imeisha.

Ikitoka 0.667 na 0.5, nakwambia kutoka huku nilipo bila kuona kodi yako: umeandika `X * X` au `X**2`. Kwenye NumPy nyota haizidishi matriksi, inazidisha kila namba na mwenzake wa mahali pale pale, kwa hiyo 2 yako imesolviwa peke yake ikawa 2/3 na 1 yako ikawa 1/2, kama vile sio matriksi ni namba nne zisizojuana. Alama ya matriksi ni `@`. Mimi kosa hili lilinikalia siku nne wakati najifunza, kodi haikulalamika hata kidogo, grafu ikachoreka nzuri imenyooka, na majibu yote yalikuwa ya uongo. Ndo maana nakubana na mfano wenye jibu linalojulikana. Kosa linalopiga kelele utalirekebisha tu, hili lisilopiga kelele ndo linakufuata hadi kwenye ripoti uliyokwisha kuikabidhi.

Mnaotumia Octave au MATLAB angalieni, kwenu ni kinyume: nyota ya kawaida ndo ya matriksi na nyota inayotanguliwa na nukta (`.*`) ndo ya namba kwa namba. Na kukunja kwenu kunapita safuwima kwa safuwima wakati NumPy inapita safumlalo kwa safumlalo. Ndani ya lugha moja haina shida, ila ukihifadhi vekta kutoka huku ukaitandika kule, matriksi yako inageuka transposi. Kama matriksi ni simetriki (transposi yake ni yenyewe) hutagundua kabisa, ukija kupata isiyo simetriki ndo unaumbuka.

Hatua ya 5: Soma matokeo vizuri

`sol.y` ni jedwali. Kila safuwima ni wakati mmoja, kila safumlalo ni namba moja ya matriksi yako ikitembea tangu mwanzo hadi mwisho. Kwa hiyo matriksi ya mwisho ni `sol.y[:, -1]`, sio `sol.y[-1]`. Hiyo ya pili inakupa historia ya namba ya kona ya chini kulia, na ikitokea idadi ya nyakati ni 4 itakubali hata kutandikwa 2 kwa 2 na utaiamini. Nimeshaiona hiyo kwa mdogo wangu mmoja wa Chikongola, alikuwa ameomba nyakati nne kwa `t_eval`, tuliitafuta jioni nzima.

Ukitaka nyakati zako mwenyewe tumia `t_eval`, na nyakati hizo ziwe ndani ya mipaka uliyoweka.

Hatua ya 6: Sasa Riccati yenyewe

Nakupa mfano wa boti. Boti imetoka Mikindani inaelekea nje ya ghuba, umeishika kwa GPS. GPS inakupa mahali ilipo na kosa kidogo, kasi haikupi, kasi unaikisia kutokana na mahali inavyobadilika, na upepo na mawimbi vinaisukuma kasi huku na huku. Matriksi P inakwambia mashaka yako ni makubwa kiasi gani: kona ya juu kushoto ni mashaka ya mahali, kona ya chini kulia ni mashaka ya kasi, na zile mbili za pembeni zinasema mashaka hayo mawili yanafungamana vipi. P inabadilika na wakati kwa Riccati ile ile ya juu.

```python
A = np.array([[0.0, 1.0], [0.0, 0.0]])
S = np.array([[1.0, 0.0], [0.0, 0.0]])
Q = np.array([[0.0, 0.0], [0.0, 1.0]])
P0 = 10 * np.eye(2)

def g(t, y):
    P = y.reshape(2, 2)
    P = 0.5 * (P + P.T)
    dP = A @ P + P @ A.T - P @ S @ P + Q
    return dP.ravel()

sol = solve_ivp(g, (0, 20), P0.ravel(), rtol=1e-8, atol=1e-10)
print(sol.y[:, -1].reshape(2, 2))
```

A inasema mahali kunabadilika kwa kasi. S ni taarifa ya GPS, inapunguza mashaka, ndo maana ina alama ya kutoa. Q ni upepo, unaongeza mashaka. Tumeanza na mashaka makubwa, 10 kwa mahali na 10 kwa kasi, kwa sababu boti hatuijui.

Jibu unalijuaje? Ite namba za P kwa majina a, b, b, c. Fungua ikwesheni kwa mkono utapata tatu:

a′ = 2b − a²
b′ = c − ab
c′ = 1 − b²

Boti ikishakaa kwenye mwendo mambo yanatulia, a′, b′ na c′ zote zinakuwa sifuri. Ya mwisho inakupa b = 1, ya kwanza inakupa a = √2, ya kati inakupa c = √2. Kwa hiyo kodi ikifika t = 20 lazima ionyeshe 1.4142 kwenye ulalo na 1 pembeni. Napenda sana mfano huu, unaona kwa macho mvutano wa GPS na upepo unavyoishia kwenye √2, na hujahitaji kitu zaidi ya aljebra ya sekondari.

Ule mstari wa `0.5 * (P + P.T)` ni wa usalama. P kihesabu ni simetriki siku zote, ila kompyuta inaviringisha tarakimu na baada ya hatua maelfu pande mbili zinaweza kuachana kidogo kidogo. Mstari huo unazirudisha pamoja. Uutumie pale tu ambapo unajua kwa hakika matriksi yako ni simetriki, kama sio simetriki utakuwa unaharibu.

Hatua ya 7: Kagua kwa njia ya pili

Riccati ina bahati ambayo ikwesheni nyingi zisizo linia hazina: unaweza kuigeuza ikawa linia kabisa kwa kuongeza saizi mara mbili. Andika P = VU⁻¹, halafu U na V zinakwenda pamoja kwa ikwesheni ya kawaida, U′ = −AᵀU + SV na V′ = QU + AV. Jaribu kuzirudisha kwenye karatasi utaona XSX inatokea yenyewe, ni dakika tano tu na inaridhisha moyo.

```python
from scipy.linalg import expm

M = np.block([[-A.T, S], [Q, A]])
W = expm(2.0 * M) @ np.vstack([np.eye(2), P0])
U, V = W[:2], W[2:]
print(np.linalg.solve(U.T, V.T).T)
```

Hii ni P ya t = 2. Linganisha na solve_ivp ukiiishia 2. Zikikubaliana hadi tarakimu ya tano au sita, lala usingizi. Angalizo: usiitumie kwa t kubwa sana kwa mpigo mmoja, U inakuwa na namba kubwa mno na ndogo mno kwa pamoja na ukiigeuza tarakimu zinapotea. Ukitaka kufika mbali kata safari vipande vifupi, kila mwisho wa kipande chukua P uliyopata uifanye P0 mpya.

Kama huna SciPy

Andika RK4 (Runge-Kutta inayochungulia mara nne) yako mwenyewe, na hapo hata mkeka hukunji, unatembea na matriksi ikiwa imetandikwa:

```python
def hatua(F, t, X, h):
    k1 = F(t, X)
    k2 = F(t + h/2, X + h/2 * k1)
    k3 = F(t + h/2, X + h/2 * k2)
    k4 = F(t + h, X + h * k3)
    return X + h/6 * (k1 + 2*k2 + 2*k3 + k4)
```

Tofauti ni kwamba h, ukubwa wa hatua, unachagua wewe. Endesha mara moja, halafu ukate h nusu uendeshe tena. Majibu yakibadilika kwenye tarakimu unazozihitaji, h yako ilikuwa kubwa.

Matatizo yanayojirudia na dawa zake

*Solva inaishia njiani, sol.success ni False, inasema hatua inayotakiwa imekuwa ndogo kuliko nafasi kati ya namba na namba.* Kabla hujailaumu kompyuta, angalia kama jibu lenyewe linalipuka. Chukua ule mfano wa kwanza ugeuze alama, dX/dt = +X² na X₀ ile ile. Aigenivalyu za X₀ ni 3 na 1, na jibu linakwenda kwenye isiyo na mwisho kwenye t = 1/3, moja juu ya aigenivalyu kubwa. Ukiomba t = 1 solva itafia karibu na 0.333, na iko sahihi kabisa, baada ya hapo hakuna jibu la kukupa. Usilegeze tolerensi (rtol na atol) ili ipite, ikipita ndo mbaya zaidi.

*Riccati yangu ya boti inalipuka.* Alama. Karibu kila mara XSX imeandikwa kwa kujumlisha. Kama S na Q hazina aigenivalyu hasi na P ya kuanzia nayo haina, ikwesheni hii kwenda mbele hailipuki, kwa hiyo mlipuko wowote ni wa kwako.

*Swali langu limetoa thamani ya mwisho, sio ya mwanzo.* Hiyo ni ya kuongoza chombo, inasolviwa kurudi nyuma. Weka mipaka `(T, 0)` badala ya `(0, T)` na uiache ikwesheni kama ulivyopewa, solve_ivp inajua kurudi nyuma. Watu wanageuza mipaka na alama kwa pamoja, wanajikuta wamegeuza mara mbili.

*Nimekopi kodi ya zamani yenye odeint haifanyi kazi.* odeint, solva ya zamani ya SciPy, inataka y itangulie na t ifuate, solve_ivp inataka t itangulie. Badilisha mpangilio kwenye fankshoni.

*Namba zangu zinayumba tarakimu ya tatu au ya nne.* Hukuweka rtol na atol. Zisipowekwa, solve_ivp inatumia 1e-3 na 1e-6, ambazo ni za kuchorea grafu ya haraka.

*Inachukua muda mrefu haimalizi, hatua ni nyingi mno.* Huenda ikwesheni yako ina vitu vinavyokwenda haraka sana pamoja na vinavyokwenda pole pole. Ongeza `method='Radau'` au `'BDF'`. Ila kumbuka matriksi ya n kwa n ni namba n² ndani ya vekta, na njia hizi zinatengeneza Jakobia, matriksi ya derivativu zote, ya n² kwa n². X ya 20 kwa 20 ni Jakobia ya 400 kwa 400, hamna neno. X ya 100 kwa 100 ni Jakobia yenye namba milioni 100, hiyo ni MB 800 kwa Jakobia peke yake, laptop ya GB 4 itaganda. Kwa saizi hizo rudi RK45, au kama ni Riccati tumia njia ya U na V.

*Nina namba changamano, sehemu ya kufikirika inapotea.* Vekta ya kuanzia lazima iwe changamano tangu mwanzo, weka `.astype(complex)` kwenye X0. Na usitumie LSODA (njia nyingine ya solve_ivp) kwa hizo, haizikubali.

*Nimetumia np.matrix.* Acha. Ukiikunja haikunjiki, inabaki na pande mbili. Tumia np.array.

*Nimeandika [[2, 1], [1, 2]] bila nukta na RK4 yangu inafanya mambo ya ajabu.* Hizo NumPy imezisoma kama namba kamili, ukija kuweka 1.5 ndani yake inaikata inabaki 1, au inagoma kabisa ukitumia `+=`. Andika 2.0.

Mwisho, ukinitafuta msaada nitumie kodi yenyewe ikiwa maandishi, sio picha ya skrini iliyopigwa kwa simu nyingine, maana kwenye picha nyota na @ zinafanana na reshape siwezi kuijaribu. Nitumie na matriksi ya kuanzia, na namba ulizopata ulipoendesha ule mfano wa hatua ya 2. Nitakuuliza hizo kwanza kabla ya kitu kingine chochote.